Chini Kuna Mtu

Mwaka wa sitini na sita, Mugisho alipokuja kupanga chumba chetu cha nyuma hapa Kansanga, hakuuliza habari ya maji wala choo. Aliuliza nyumba inalaza watu wangapi. Marehemu mume wangu, Maftah, alidhani mgeni anaogopa kelele, akamjibu kwamba tuko watatu tu: yeye, mimi na binti yetu Nusura, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Mugisho akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa jinsi ya kumeza dawa.

"Pamoja na mimi, bane," akasema, yaani wanne kwa Kiswahili cha kwao.

Tangu siku ile hakufunga mlango wake mpaka sote wanne tuwe ndani. Maftah akichelewa msikitini, Mugisho alikaa kizingitini na kibao chake, akimenya maharage au akishona kiatu, na macho yake yako njiani. Mwanzo nilichukia. Niliona kama nimeleta askari wa zamu nyumbani. Baadaye nilizoea, na Maftah alipofariki mwaka wa sabini na moja, nilishukuru kuwa na mtu mwingine wa kumtazamia Nusura njia.

Alikuwa Mshi, mtu wa milima ya huko Bukavu. Mfupi, mabega mapana, sikio la kushoto zito. Katikati ya kiganja cha kulia alikuwa na sugu ngumu kama kwato, iliyotokana na kushika mkono wa mashine kwa miaka kumi na tisa katika mgodi wa dhahabu.

Watu wakisikia mgodi wa dhahabu hufikiria dhahabu. Yeye katika miaka yote hiyo aliiona mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa ndani ya kisanduku, na kisanduku kimebebwa na Mzungu. Kazi yake ilikuwa juu, mlangoni mwa shimo. Shimo lenyewe lilichimbwa wima kama kisima, mita mia tatu kwenda chini, na kutoka humo njia zilitoboa mwamba upande huu na upande huu. Watu walishuka na kupanda ndani ya kizimba cha chuma kilichoning'inia kwenye kamba ya chuma nene kama mkono wa mtoto mchanga. Kamba ilijizungusha kwenye pipa kubwa, pipa lilizungushwa na mashine, na mashine iliendeshwa na Mugisho, peke yake ndani ya kibanda cha mabati.

Hakuwaona aliowashusha. Alipokaa kwenye kiti chake alikuwa na vitu viwili tu vya kumwongoza: alama za rangi alizozipaka kwenye lile pipa, na kengele iliyovutwa kwa waya kutoka chini. Kengele moja, simama. Mbili, shusha. Tatu, pandisha, kuna watu ndani. Alisema ukishusha mawe unaweza kuwa na haraka, lakini ukishusha watu unashusha kama ndoo ya mayai, kwa sababu tumbo la mtu hubaki juu mwili ukitangulia.

Alitueleza mengi ya huko chini, ambayo aliyajua kwa kuhadithiwa na kwa kushuka siku za Jumapili kukagua waya. Kwamba jiwe lina joto kama ukuta wa jiko, na wanaume wanafanya kazi na bukta tu. Kwamba maji hayalali, pampu ikinyamaza saa moja yako magotini. Kwamba wakiwasha baruti wote hujificha na kuhesabu milio. Zimewashwa kumi na mbili, zisikike kumi na mbili. Ikisikika kumi na moja, hakuna anayekwenda mbele siku hiyo, kwa maana moja imelala ndani ya mwamba inamngoja mtu.

Na kulikuwa na sheria moja ya kibanda chake. Mwendesha kamba haachi kiti kama chini kuna mtu. Zamu imekwisha au haikwisha, mvua au njaa, kwanza idadi itimie.

Sheria hiyo aliivunja mara moja. Alinisimulia siku moja tu, tunachambua mchele uani, wala sikumuuliza.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Asubuhi alishusha watu kumi na wawili. Mchana maji yakabomoa ukuta katika njia ya chini kabisa. Kengele ililia ovyo, akapandisha kizimba, wakatoka kumi na mmoja, wamelowa, mmoja taya limevunjika. Aliyebaki alikuwa Kakule, fundi wa kusimamisha nguzo, mtu mcheshi aliyezoea kumwita Mugisho "Mungu mdogo", kwa kuwa ndiye aliyewachukua na ndiye aliyewarudisha. Mugisho akataka kushusha kizimba tena. Msimamizi, Mbelgiji, akakataa. Alisema njia imejaa mpaka dari, na kizimba kinatakiwa kushushia pampu kubwa. Mafundi wakiwa wanaifunga ile pampu, kengele ikalia. Mara tatu. Ikanyamaza, kisha mara tatu tena.

"Ni maji yanachezea waya," msimamizi akasema. Akamwambia Mugisho zamu yake imekwisha, aende nyumbani.

"Nikaondoka," Mugisho akaniambia. "Mama Nusura, mimi niliinuka kwenye kiti. Nilitembea mpaka nyumbani, nikanawa, nikakula."

Siku ya tisa maji yalipopungua walimkuta Kakule amekaa kwenye ngazi ya chuma, juu ya alama ya maji, waya wa kengele umezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Daktari alisema aliishi siku mbili au tatu.

Nilisema, "Mungu amrehemu," nikaenda kuosha mchele ambao ulikuwa haujamalizika kuchambuliwa.

Alikimbilia Uganda wakati wa vita vya sitini na nne. Mwaka ule alipohamia kwetu akapata kazi katika jumba moja la serikali huko Nakasero, jumba la ghorofa sita lenye lifti ya zamani, ile ya mlango wa vyuma vya kukunjana na mkono wa shaba wa kuendeshea. Walipomwuliza kama amewahi kuendesha lifti alisema ameendesha moja ya mita mia tatu. Walicheka, wakampa kofia na koti lenye vifungo.

Basi akapeleka sheria ya mgodi Nakasero. Kila aliyepanda na lifti alimhesabu, na jioni alitaka wote wawe wameshuka. Makarani walimfanya kichekesho. Kulikuwa na karani mmoja mnene, Okeny.

"Okeny, nilikupandisha saa mbili. Hukushuka."

"Nilishuka kwa ngazi, Mzee."

"Kwa ngazi? Bila kusema?"

"Basi kesho nitaleta barua ya ruhusa!"

"Mzee wa Kongo," mwingine akadakia, "huyo mhesabu mara mbili, ni mizigo miwili!"

Lakini baadaye walijikuta wanafanya. Mtu akishuka kwa ngazi alipita mbele ya lifti akapaza sauti, "Mzee, nimeshuka!" Nusura alinieleza haya kwa kicheko, maana alipomaliza masomo ya kupiga chapa alipata kazi katika jumba hilohilo, ghorofa ya tatu. Mugisho ndiye aliyemwombea. Walitoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni, na Nusura alimwita Mjomba.

Chini ya jumba lile kulikuwa na stoo, chini ya ardhi, ya karatasi na viti vibovu. Mwaka wa sabini na tatu viti vilitolewa, wakaingia vijana wa miwani myeusi. Hawakubandika kibao mlangoni. Makarani waliacha kutania kwenye lifti. Okeny alihamia kwao kaskazini bila kuaga, na kwa wiki nzima Mugisho alikuwa akiuliza kama kuna aliyemwona akishuka.

Jioni moja alinijia jikoni akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Leo batatu, Mama Nusura."

"Watatu nini?"

"Niliwashusha."

"Na waliopanda?"

Akatazama kofia yake.

"Mzee Mugisho," nikamwambia, "katika nyumba hii tunahesabu vikombe. Watu usinihesabie."

Hakuacha. Hakuyasema tena kwa mdomo, ila akirudi alisimama pale mlangoni kidogo, akaonyesha vidole, viwili, au vinne, kama mtu anayeagiza mikate, akaenda zake. Nami niliona ukuta wetu mwembamba, na jirani aliyenunua redio mpya bila kuwa na kazi, na binti yangu anayetembea na mtu huyu barabarani. Mwaka wa sabini na tano, mwanzoni mwa Oktoba, nilimwambia atafute chumba kwingine kufikia mwisho wa mwezi. Nilisema tunataka kukarabati.

"Sawa, Mama," akasema. Hakuniuliza tunakarabati nini.

Zilipita siku tisa.

Nilikuwa na meza ya viungo katika soko la Nakasero, iliki na mdalasini na binzari. Asubuhi hiyo, kabla ya saa nne, nilimwona Anena anateremka kilima mbio, viatu mkononi. Anena alikuwa mpiga chapa mwenzake Nusura, meza zao zikitazamana.

"Mama, Nusura ameitwa chini."

"Chini wapi?"

Akatazama ardhi.

Ilikuwa habari ya karatasi ya kaboni. Ofisini kwao kila kaboni iliyotumika hurudishwa jioni kwa mkubwa wao, ihesabiwe, kwa sababu ukiielekeza kwenye mwanga unasoma barua yote. Ya jana ilipungua moja. Hakuna aliyejua iko wapi. Nusura ndiye aliyepiga barua ya mwisho.

Nilimwachia Anena meza. Sikumbuki kupanda kile kilima. Mlangoni nilimwambia askari nimekuja kwa kibali cha soko, akaniacha nipite.

Ukumbini chini walikuwa wamesimama wageni wanne wa kutoka ng'ambo, suti nzito, mikoba mikononi, wanangoja lifti. Pamoja nao alikuwa kijana wa tai aliyepewa kazi ya kuwaongoza, na jasho lilikuwa limemlowesha kola. Alibonyeza kengele ya lifti, akatabasamu, akabonyeza tena. Juu ya mlango kulikuwa na mshale unaoonyesha lifti iko ghorofa gani. Mshale ulikuwa umelala kushoto kabisa, mahali pasipo na namba.

Nilisimama karibu na ukuta, nikashika kanga yangu. Sauti zilikuwa zinapanda kupitia vyuma vya mlango.

"Wewe mzee, nasema toa hii lifti!"

"Ndiyo, bwana." Ilikuwa sauti ya Mugisho. "Mtoto akirudi."

"Mtoto gani?"

"Yule nilimushusha saa tatu na robo. Nikimupandisha, nitaondoka."

Nikasikia kofi, au kitu kizito kuliko kofi. Wageni wakatazamana. Huko juu kengele zilikuwa zinalia, ghorofa ya pili, ya tano, ya tano tena. Kijana wa tai akasema kwa Kiingereza kwamba lifti inakuja sasa hivi.

"Lete hiyo mkono ya lifti!"

"Munaweza kuichukua. Nani ataiendesha?"

Hapo wakaacha kuudai. Nilijua kwa nini, Nusura alikwisha nisimulia. Mwaka uliopita askari mmoja alitaka kuonyesha ujuzi, akaiendesha lifti mwenyewe, ikamkwamisha katikati ya ghorofa mbili kwa saa tatu, analia kama mtoto. Tangu hapo walimwachia Mugisho.

Wakarudia kumpiga. Yeye hakupiga kelele. Kila wakipumzika alisema lilelile, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe mvua inakuja: "Chini kuna mtu, bwana. Sitoki." Nilimsikia akilisema mara saba. Nilitaka kuita jina la binti yangu kwenye vile vyuma. Sikuita. Niliogopa wakijua mama yupo watajua na pa kumpata.

Kisha akashuka kwa ngazi mkubwa mmoja wa jeshi, mwili mkubwa, anahema, mkono kwenye reli. Alikuwa anawangoja wageni ghorofa ya tano. Aliwaona, akawachekea, akawapa mkono mmoja mmoja. Halafu akainama kwenye mlango wa lifti.

"Nani anachezea lifti?"

"Ni mimi, afande. Mugisho."

"Panda juu! Kuna wageni."

"Siwezi, afande. Chini kuna mtu."

"Nani?"

"Musichana wa mashine ya kuandika, ghorofa ya tatu. Alishuka mmoja, na hajapanda."

Mgeni mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, akauliza yule aliye chini anasema nini. Mkubwa akacheka, akamjibu kwa Kiingereza kwamba mashine imekwama. Lakini nilimwona shingo inavyovimba. Akainama tena, na safari hii alisema polepole.

"Nyinyi huko chini. Mpeni mtu wake."

Sijui nilingoja muda gani. Mshale ulitikisika, ukaja. Mlango ukakunjika, na Nusura alikuwa ndani, kiatu kimoja mguuni, mdomo umevimba, mtandio hana. Alitoka akitazama mbele tu. Alinipita. Ilibidi nimkimbilie nimshike, nikamfunika kanga yangu kichwani.

Mugisho alikuwa amesimama wima kando ya mkono wa shaba. Damu ilitoka kwenye sikio lake zima, la kulia, ikaingia kwenye kola ya koti. Alivaa kofia yake vizuri.

"Bametimia, afande," akasema.

Kisha akawageukia wageni. "Karibuni. Taratibu, sakafu iko chini kidogo."

Wakaingia. Wageni wanne, kijana wa tai, na mkubwa. Mugisho alishika mlango kuufunga, na macho yetu yakakutana.

"Mama Nusura," akasema, "musiningoje."

Na sisi hatukumngoja. Tulishuka kilima, hatukupitia hata mezani kwangu. Siku ileile nilimpandisha Nusura basi la Busia pamoja na mwanamke mmoja tunayefahamiana, na keshokutwa yake alikuwa Mombasa kwa dada yangu.

Yaliyofuata nilielezwa na Anena, aliyeyaona aliporudi ofisini baada ya kufunga meza yangu. Wageni walikaa huko juu zaidi ya saa nzima. Wakati huo Mugisho alikuwa na lifti tupu ghorofa ya tano, mlango wazi, na hakuna aliyemlinda, maana vijana hawakutaka kuonekana na wageni. Anena alipanda ngazi akamnong'oneza.

"Mzee, ondoka. Ngazi za nyuma ziko wazi, hata mlango wa jikoni. Ondoka sasa!"

"Nina batu sita huku juu," akamwambia.

"Watashuka kwa miguu! Mzee, watakuua."

"Binti yangu, mimi nilishaondoka mara moja."

Anena hakujua maana yake. Alimvuta mkono. Mugisho akamtoa vidole kimoja kimoja, kwa upole, akampapasa kichwa, akakaa kwenye kiti chake cha lifti.

Saa sita kasoro robo mkutano ulikwisha. Aliwashusha wote sita, taratibu, kama ndoo ya mayai. Yule mgeni wa ndevu alimshukuru kwa kumpa mkono. Magari yao yalipotoka getini, vijana wawili waliingia kwenye lifti wakafunga mlango, na Anena, aliyekuwa amesimama ngazini, aliutazama mshale ukielekea kushoto.

Sikwenda kuuliza. Nakasero niliihama, nikapeleka viungo vyangu Kansanga, mbele ya nyumba. Karatasi za Mugisho nilizichoma jikoni, na koti lake la pili, na picha moja ya wanaume waliosimama mbele ya kibanda cha mabati, wengi, siwezi kujua yupi ni yupi. Kabla mwezi haujaisha nilipangisha chumba kwa fundi cherehani. Chumba kitupu huwafanya watu waulize.

Nusura aliandika kutoka Mombasa, "Mjomba yu hali gani?" Nilimjibu kwamba amerudi kwao Bukavu, mzima, amepumzika. Niliandika hivyo mara nne katika miaka mitatu, na kila mara uongo ulikuwa mrefu kidogo. Nilimpa ng'ombe wawili. Nilimpa na dada, Nabintu, anayempikia.

Mwaka wa sabini na nane akaniandikia kwamba ameposwa. Akataka anwani ya Mjomba amtumie kadi ya mwaliko, akasema mchumba wake yuko tayari kwenda mwenyewe Bukavu kumpa heshima, kwa kuwa baba hayupo na huyu ndiye aliyesimama mahali pake. Nilimjibu habari ya mahari, habari ya kanga, habari ya ami yake atakayemwozesha. Habari ya anwani niliiruka.

Barua yake ya pili imefika juzi. Haina salamu. Imeandikwa mstari mmoja tu: "Mama, ulimwona akitoka?"